Alama Kifuani mwa Bi. Hajira

Ndugu waombolezaji, masheikh wetu, majirani wa Masuguru, wageni mliotoka Handeni alfajiri na nyinyi wa Mpale na Magoma mliobadilisha magari kufika hapa, assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu, poleni na karibuni. Kabla mwili haujatoka kwenda Sindeni, familia imeona tuwasomee maisha ya mama yetu, na tumekubaliana tuyasome yote, pamoja na lile mnalolinong'ona tangu asubuhi kwenye majamvi, kwa sababu jambo likinong'onwa kila mtu hukata kipande anachokitaka, na marehemu alikuwa mtu wa kusema jambo zima.

Marehemu Bi. Hajira Mdoe alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 katika kijiji cha Sindeni, wilaya ya Handeni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mdoe na mkewe, wakulima wa mahindi na mhogo, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mdogo wake wa kumfuata, Mzee Faraji Mdoe, ndiye mkuu wa familia tuliye naye hapa leo. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali, na kwamba bibi yake alipofariki aliuliza mbele ya watu kwa nini wafu wanafungwa kidevu, akapigwa kofi, akasubiri kofi lipoe, akauliza tena.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, wala hakulilia, alisema waliomfundisha kusoma wamemaliza kazi yao, yaliyobaki atajisomea mwenyewe, na kweli maisha yake yote alisoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, na ole wake aliyekitupa kabla hajafika mwisho wa habari.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na marehemu Mzee Hatibu Semboja, dereva wa trekta katika mashamba ya mkonge, wakahamia Korogwe na kujenga hapa Masuguru, kwenye nyumba hii mliyoizunguka. Ilikuwa ndoa yenye kelele nyingi na bila talaka hata moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Muhsin aliyezaliwa mwaka 1983 na Zuena aliyezaliwa mwaka 1986, na wajukuu watano, mmoja wao, Shamimu, yuko chuo kikuu. Mzee Hatibu alifariki tarehe 21 Mei 2009, na marehemu hakuolewa tena, ingawa waliojaribu bahati zao tunawaona wawili watatu hapa, na tunawashukuru kwa kuja.

Kuhusu kazi, tangu mwaka 1988 marehemu alikuwa mama lishe pale stendi, na wapo madereva humu ndani waliokula kwake wakiwa matingo na wakaendelea kula mpaka wakaota mvi. Lakini kazi aliyojulikana nayo zaidi ilikuwa ya kuosha maiti za wanawake, aliyofundishwa na mama mkwe wake mwaka 1994, na ambayo hakuchukua malipo. Wanawake waliokuwa wakiingia naye ndani wanasema alizungumza na maiti kama mtu anayemwogesha mgonjwa, haya mama inua mkono, haya geuka kidogo, tumekaribia kumaliza, na aliyeingia akitetemeka alitoka ametulia.

Sasa tunafika mwaka 2016, na tunaomba utulivu.

Januari mwaka huo aliitwa kumwosha Bi. Ikram, bibi aliyefia kwenye Makao ya Wazee Mlonge, ile nyumba binafsi ya kulelea wazee hapa mjini. Katikati ya josho marehemu aliona weusi katikati ya kifua, wa ukubwa wa kiganja, na alipopitisha mkono akasikia mbavu zinacheza chini ya vidole, naye katika miaka yote ya kuosha alikuwa ameona kitu cha namna ile mara moja tu, kwa mwanamke aliyeuawa na mumewe kwa kipigo. Akatoka nje mikono ikiwa imelowa, akawaambia watoto wa Bi. Ikram, "Huyu mama kapigwa."

Yaliyofuata wenyeji mnayakumbuka, watoto walikwenda Makao na polisi, na mhudumu aliyekuwa zamu siku ile, Catherine, msichana wa Magoma, akachukuliwa. Catherine alieleza kwamba bibi alianguka akakata pumzi, na kwamba yeye alimkandamiza kifua kama alivyoona wauguzi wakifanya, akimsihi arudi. Nani alimsikiliza? Mwosha maiti alikuwa ameshasema. Polisi walimwachia kwa kukosa ushahidi, Makao yakamfukuza hata hivyo, kisha uongozi ukaandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kulia kwamba mkazi akianguka na kuzimia, mhudumu asimguse kifua wala asimpulizie pumzi, apige kengele, ampigie simu meneja, asubiri. Katazo hilo lipo hadi leo, na chanzo chake ni mama yetu, tunalisema wenyewe msije mkaambiwa na wengine.

Yeye hakujua. Alichojua ni kwamba macho yake makali yamemfukuzisha mhudumu katili, na mwaka mzima alilisimulia pale stendi huku akipakua wali, kichwa juu, na sisi nyumbani tulimsifu.

Tarehe 3 Aprili 2017, baada ya magoti kukataa kuchutama mbele ya mafiga, aliajiriwa na Makao hayo hayo kama mhudumu wa wazee. Meneja, Mzee Abdulaziz, ambaye yupo nasi, alimchukua kwa sababu ya subira yake na mikono yake, bila kujua kwamba ndiye yule mwosha. Alilisoma katazo la ukutani siku ya kwanza, kama alivyosoma kila kitu, akaliona ni la maana, akaenda kuosha miguu ya wazee.

Agosti 2019 wahudumu wote walipelekwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa kuwa Makao yalihitaji vyeti ili yasajiliwe upya. Mkufunzi alikuja na sanamu ya mtu wa plastiki isiyo na miguu, akaonyesha jinsi ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa mikono miwili, kwa nguvu, bila kusita, na akasema kwa mzee mifupa ni mikavu, hivyo ukisikia ubavu unalia usiache, endelea, ubavu huungwa, moyo haungojei. Marehemu alinyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Na alama inabaki wapi?"

Mkufunzi akaweka kiganja chake katikati ya kifua cha sanamu, akasema, "Hapa, mama."

Wenzake wanasema alikaa chini sakafuni, wakadhani ni presha, wakamletea maji, na maji yale hakuyanywa. Vyeti vilitolewa jioni hiyo, vikawekwa kwenye fremu, vikatundikwa chumba cha kulia, upande wa pili wa katazo, na kwa miaka sita sasa wazee wa Mlonge wamekunywa uji wao kati ya ukuta unaosema wahudumu hawa wanajua kuokoa maisha na ukuta unaosema wasithubutu.

Jumapili iliyofuata alikwenda Magoma kumtafuta Catherine, akamkuta akipepeta mpunga uani kwa wazazi wake. Alimwambia moja kwa moja kwamba yeye ndiye aliyetoka nje na mikono imelowa. Catherine aliweka ungo chini.

"Kumbe ulikuwa wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Basi kaa ule kwanza. Nikikutukana una njaa utasema nimekuonea."

Akala, akatukanwa, na kwa maelezo yake mwenyewe alitukanwa vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, mpaka mama yake Catherine akatoka jikoni kuomba basi imetosha. Catherine hakusema amesamehe, alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia siku nyingine asije mikono mitupu, aje na sukari. Marehemu alipeleka sukari kila mwezi tangu hapo, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kabla wale wawili hawajaanza kucheka pamoja. Catherine yupo pale kwenye turubai pamoja na kina mama, ameruhusu tuyasome haya.

Aliporudi kazini alikwenda ofisini kwa Mzee Abdulaziz, akakiri yote na kuomba katazo lifutwe. Tunataka kuwa wa haki kwa Mzee Abdulaziz, hivyo tunayasema majibu yake kama marehemu alivyotusimulia na kama yeye mwenyewe alivyokubali jana usiku.

"Mama Muhsin, mimi sikatai mzee kupona. Lakini mzee akifa hajaguswa, ndugu wanakuja na sanda, wanalia, wanaondoka. Akifa ameguswa, wanakuja na polisi. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

Hilo la mwisho lilimwingia, na nyumbani hakula jioni ile. Lakini ndugu waombolezaji, hebu lipimeni jibu lile, kwa sababu halikuwa jibu la mtu mbaya, lilikuwa jibu la mtu mwoga mwenye hesabu nzuri. Hesabu yenyewe inasema anayesimama na kuangalia hana kosa, anayejaribu akashindwa ndiye muuaji. Nani kati yetu angependa mama yake alelewe na hesabu hiyo? Na bado ni sisi ndugu tuliomfundisha Mzee Abdulaziz kuihesabu, siku tuliyokwenda na polisi kabla ya kwenda na swali.

Tarehe 19 Februari 2021, saa ya uji wa asubuhi, Mzee Aliraza, mfanyabiashara wa zamani wa vifaa vya ujenzi ambaye wengi mlinunua kwake mabati, aliangusha kikombe, akaanguka naye. Kengele ikapigwa, simu ikapigwa, wahudumu wakasimama mikono nyuma kama ukuta unavyotaka. Marehemu alipiga magoti, yale yale yaliyokataa kuchutama, akaanza kukandamiza, mwenzake mmoja akimwita, "Mama Muhsin, acha, utafukuzwa!" naye akijibu bila kugeuka, "Basi nifukuzwe nikimaliza." Mzee Aliraza alipumua. Aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo, na aliporudi kutoka hospitali na kifua kimefungwa bandeji hakumpa marehemu raha.

"Hajira, nimeuza nondo miaka arobaini, sijaona mkono mzito kama wako. Mbavu zangu zote umenirudishia vipande."

"Ungekuwa makaburini sasa, mzee, usingekuwa na wa kumlalamikia."

"Kule ningelala. Hapa nikikohoa tu nakukumbuka."

"Basi kohoa, nikumbuke."

Kwa tendo hilo marehemu alipewa barua ya onyo. Mwaka huo huo Makao yalitundika getini bango kubwa la Mzee Aliraza akicheka, kuwavutia wateja wapya. Tunalitaja kwa sababu limetokea, kila mtu ajisemee moyoni.

Hapo ndipo alipoanza ile tabia yake iliyofanya watu wamwite mwenye uchuro. Wakati wa kuosha miguu ya wazee, kwenye beseni, maji ya uvuguvugu, mikono ikiwa kazini, alimuuliza kila mmoja peke yake, "Siku ukianguka, nikufanyeje?" Watu wetu swali hilo hawaulizani, daktari analikwepa, watoto wanalikimbia, sheikh analizungukia, na anayeliuliza anaonekana anayaita mauti. Lakini yeye alikuwa ameongea na wafu zaidi ya miaka ishirini, walio hai wangemtisha nini? Wazee walianza kwa kununa, baadaye wakazoea, na wengine wakawa wanajibu kabla hawajaulizwa. Mmoja alisema akandamizwe mpaka mwanawe afike kutoka Dar. Mwingine alisema akandamizwe Ijumaa tu, siku nyingine aachwe. Bi. Noorjahan, mjane aliyekuwa na vidonda vya sukari na uchungu wa miaka, alimshika bega akamwambia, "Mimi uniache, mwanangu. Nimechoka kuamshwa."

Bi. Noorjahan alipokata roho Julai 2023 marehemu alikuwa zamu. Alikaa pembeni ya kitanda, akamshika mkono, akamsomea, hakumkandamiza. Siku hiyo uongozi ulimsifu kwa kufuata utaratibu, akakataa sifa hiyo palepale, akasema hakufuata utaratibu wa mtu, alimfuata Bi. Noorjahan. Msije mkadhani, kwa hiyo, kwamba mama yetu alitaka kila mzee avunjwe mbavu. Alitaka mtu aulizwe angali ana ulimi, halafu atendewe alivyosema. Katazo la ukutani halijui tofauti ya Bi. Noorjahan aliyetaka kuachwa na Mzee Aliraza aliyetaka kubaki, linawaacha wote wawili kwa woga ule ule, na kisha linaitwa heshima.

Mwaka jana aliletwa mhudumu kijana, Valentino, mwenyeji wa Mpale, na marehemu ndiye aliyemfundisha kazi. Siku moja, katikati ya kuanika mashuka, Valentino alimgeuzia swali.

"Na wewe mama, ukianguka?"

"Nikandamize. Na usinipapase kama unakanda unga, kandamiza."

"Mimi mwanaume, mama, tena Mkristo. Ndugu zako watanichinja."

"Ndugu zangu niachie mimi."

Kweli alitaka kumalizana nasi mapema. Idd ya kuchinja iliyopita, Juni mwaka huu, kule Sindeni, tukiwa bado tunanawa mikono, alisema mbele ya familia nzima kwamba akianguka kazini anataka akandamizwe na yeyote aliye karibu, mwanamume au mwanamke, wa dini yoyote, na akibaki na alama asilaumiwe mtu. Mzee Faraji alisema, "Dada, acha uchuro, leo sikukuu," akanyanyuka kwenye mkeka akaenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa wameshachinjwa. Tulicheka sote.

Marehemu alikuwa na presha tangu mwaka 2020, akihudhuria kliniki na kumeza dawa, na mara mbili mwaka huu aliambiwa apunguze kazi, akakubali kwa mdomo. Jana Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, majira ya saa nne asubuhi, alianguka ghafla uani kwa Makao, ndoo ikiwa mkononi. Wahudumu watatu walikuwepo. Wawili walipiga kengele na simu, wakasimama, na hatuwalaumu, wana watoto wa kulisha na ukuta wanaupita kila siku. Valentino alipiga magoti, akakandamiza, na hakuacha mpaka gari lilipokuja, na ndani ya gari akaendelea. Alifikishwa hospitali mapigo yakiwa yamerudi, dhaifu lakini yapo. Zuena alimkuta mama yake bado yumo, akamshika mkono, akamwambia aliyotaka kumwambia, na hayo ni yake. Saa tisa alasiri moyo ulisimama tena na madaktari hawakuweza kuurudisha. Hakuwa ameamka.

Jioni ile ile, sanda ikiwa bado haijanunuliwa, Valentino alisimamishwa kazi kwa kukiuka katazo, akatakiwa Jumatatu aende ofisini kujieleza.

Sasa hili la leo asubuhi. Bi. Faudhia, aliyefundishwa kuosha na marehemu mwenyewe, aliingia na wenzake, na katikati ya josho akaona weusi katikati ya kifua, mbavu zikicheza. Akatoka nje. Alimwita Mzee Faraji pembeni akamwambia alichoona, walio karibu wakasikia, na kabla chai haijaiva ilikuwa imeshafika mtaa wa pili kwamba Hajira kapigwa huko kazini, wengine wakaongeza kwamba ni mwanamume, wengine kwamba alimvua. Mzee Faraji, na yeye ametuambia tuseme hivi, alikuwa ameshashika simu awapigie polisi, namba imeshatafutwa, Zuena alipomshika mkono.

"Mjomba, dada yako alikuambia Idd. Ukaenda kuangalia mbuzi."

Mzee Faraji aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaagiza huyo kijana atafutwe. Valentino alikuwa amesimama kule barabarani tangu alfajiri, hakuthubutu kuingia. Akaletwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemshika dada yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulimshika wapi?"

Valentino akaweka mikono miwili juu ya kifua chake mwenyewe.

"Kwa nguvu?"

"Nguvu zangu zote, mzee. Alinikataza kumpapasa. Alisema nisikande unga."

Mzee Faraji alifunika uso kwa kanzu, mabega yakatikisika, na tulikuwa hatujui kama analia au anacheka mpaka aliposema, "Hayo ni ya dada. Hayo mtu hatungi." Akaagiza kijana apewe chai na aketi. Sheikh alipoulizwa kuhusu mwanamume kumgusa mwanamke asiye maharimu wake, alijibu kwa ufupi kwamba dharura ina hukumu yake, kisha akauliza kwa nini tunamcheleweshea marehemu josho. Bi. Faudhia alirudi ndani akamalizia kazi, na tunamshukuru, maana alifanya kama alivyofundishwa, alitoka akasema, na safari hii alikuwepo wa kumjibu.

Kwa hiyo mliosikia mchana huu kwamba marehemu ana alama kifuani, mmesikia kweli, na ni alama ya mtu aliyejaribu kumzuia asiondoke. Wapo pia wanaouliza, mbona amekufa hata hivyo, mbavu zimevunjwa za nini? Swali ni la haki, lakini mwulizeni Zuena aliyefika akakuta mkono una damu inayotembea. Na hata kama asingefika, hata kama mama angekufa pale pale uani, jibu letu lingekuwa hili hili, kwa sababu aliulizwa akajibu, na kijana akatenda jibu lake badala ya kutenda ukuta.

Mzee Abdulaziz, tumekupa kiti cha mbele, chakula kikija utapewa kama wenzako, na kilio hiki tunajua ni chako pia, ulifanya naye kazi miaka minane. Umekuwa ukisema unawaogopa ndugu. Sisi ndio ndugu. Mbele ya watu hawa wote tunakutamkia kwamba familia ya Hajira Mdoe haina madai, haina polisi, na haina kesi na mtu yeyote aliyemkandamiza mama yetu, na kwamba kama tungekuwa na kesi ingekuwa na ule ukuta. Jumatatu Valentino atakuja ofisini kujieleza, na hatakuja peke yake. Mzee Faraji amesema hatabaki Sindeni baada ya mazishi, atalala kule usiku mmoja tu kisha atarudi hapa Masuguru, na Jumatatu saa mbili atakuwa mlangoni kwako pamoja na Catherine, Muhsin na Zuena, na watakachoomba ni Valentino arudishwe kazini na katazo lipakwe rangi nyeupe. Mkiafikiana, Muhsin atakuja na brashi. Msipoafikiana, watarudi Jumanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye na waliotueleza kila kitu bila kutuficha, majirani wa Masuguru mliopika tangu jana bila kuitwa, akina mama wa stendi mliofunga mabanda yenu leo, wazee wa Mlonge mliotuma salamu zenu na wale wanne mliong'ang'ania kuletwa kwa bajaji, wafanyakazi wenzake wote, mliokandamiza na mliosimama, Catherine wa Magoma kwa sahani ile ya wali, na Valentino, ambaye Mzee Faraji ameomba ashike jeneza upande wake, mbele kushoto, kutoka hapa hadi kwenye gari.

Mwenyezi Mungu ampokee kwa rehema zake na amfanyie wepesi. Mama, kazi uliyoiacha tumeiona ilipo. Wewe lala kwa amani, Jumatatu ni yetu.